Papa kaandikiwa IRM ya moyo, tuende ao tuache?

MtotoWaVirunga (Goma)
Jambo wakubwa na wadogo. Samahani itakuwa ndefu. Papa yangu ana miaka 63, alikuwa mwalimu, sasa iko anapumzika nyumbani. Tangu miezi kadhaa akibeba bidoni ya litre 20 kutoka bomba mpaka nyumbani kifua kinamkaza, anasimama, anashika mlango, dakika 3 ao 4 kinaachia. Akikaa hana kitu. Tansio (presha) anayo tangu zamani, sukari imeanza juzi juzi, sigara aliacha. Dokta wa moyo akamfanyia elektro (ile ya kuandika umeme wa moyo) amelala, ikatoka safi, akafanya eko (picha ya mawimbi ya sauti) akaona ukuta wa chini wa moyo unacheza kivivu. Akaandika karatasi: IRM ya moyo ya stress, ile mashini ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, wengine wanaita MRI.

Hapo njo familia ikagawanyika. Baba mdogo anasema IRM ni ya kichwa na mgongo, moyo unaingia wapi. Shangazi anataka skana (CT) juu jirani yake alifanya skana akapona (alipona malaria lakini tuache). Yaya wangu (kaka mkubwa) wa Lubumbashi anasema pesa ikienda iende koronarografi moja kwa moja, bapitishe ile waya, baone mishipa, kama imeziba baweke stenti (kabomba kadogo ka kushikilia mshipa wazi), mambo kwisha. Mchango tulioukusanya unatosha kipimo kimoja na safari ya kuvuka mpaka. Viwili hautoshi. Kuna mtu humu alipita hiyo njia?

Kamotera
Nafuata uzi. Mi nasikia ile mashini inakula umeme kama kartie (mtaa) nzima.

Mama_Katindo
Pole sana mwanangu. Bidoni kwanza mumunyanganye, vijana mko wapi?

MtotoWaVirunga
Mama, tulimunyanganya, anabeba tukiwa kazini. Mwalimu haambiwagi.

FundiPicha (Bukavu)
Nafanya kazi ya picha za hopitali miaka mingi, radio (eksirei), eko, skana, na IRM nilienda kuisomea nje. Mimi si dokta wa papa, kwa hiyo nitakuelezea mashini, dawa ni ya dokta wake.

Kwanza la haraka, juu kuna watu watasoma hapa wakiwa na shida tofauti na yako. Kifua kikikaza mtu akiwa amekaa, kikapita dakika 15 bila kuachia, jasho baridi, maumivu yanaenda mkono ao taya, hapo hakuna habari ya IRM. Ni kwenda urgence (dharura) saa hiyohiyo, wafanye elektro na damu ya troponini, ile inayoonyesha moyo umeumia. Hakuna anayengoja mchango na mshipa umeziba. IRM ni ya mtu kama papa yako, anayeumwa akijisukuma na kuachiliwa akipumzika.

Sasa swali la familia. Nyinyi mnauliza kipimo gani ni bora, wakati mngeuliza dokta anatafuta jibu gani. Koronarografi na skana zinaangalia mabomba. IRM, mabomba haiyaoni vizuri sana, ni membamba na yanacheza na moyo, lakini inaangalia nyama inayokunywa kutoka kwa hayo mabomba. Eko ya papa imeonyesha ukuta wa chini mvivu. Basi dokta amebaki na maswali 2: ile nyama imekufa ao imelala tu na njaa? Na ile mingine inayoonekana nzima, ikisukumwa inapata damu ya kutosha? Hayo 2 IRM inayajibu kwa kikao kimoja, saa 1 hivi, na haina ule mionzi wa radio wala wa skana. Ni sumaku na mawimbi kama ya redio.

Jinsi inavyojibu, chukua kartie yako. Bomba moja njiani limebanwa na jiwe. Usiku watu wamelala, kila nyumba ikifungua robineti maji yanatoka, huwezi kujua kuna shida. Njo maana elektro ya kulala ilitoka safi. Ngoja saa 12 jioni kila mtu anapika, kila mtu anafungua: wenye bomba zima wanapata mara 3, mara 4 zaidi, wale wa nyuma ya jiwe wanapata kile kile cha usiku, kwa sababu wao robineti zao zilikuwa wazi mpaka mwisho tangu mchana. Hiyo saa 12 jioni ndiyo wanaita stress. Wanamtilia dawa kwenye mshipa, mara nyingi adenozini, mikrogramu 140 kwa kila kilo ya mwili kila dakika, dakika 3 ao 4, inafungua robineti zote za moyo kwa pamoja. Hapo hapo wanasukuma gadolini, ile dawa ya rangi, na mashini inapiga picha mpigo kwa mpigo. Nyama yenye damu inawaka, nyama iliyo nyuma ya jiwe inabaki nyeusi. Unaona kwa macho.

Halafu wanangoja dakika 10 hivi wanapiga tena. Gadolini inatoka haraka kwenye nyama nzima, ila kwenye kovu inanasa, juu kovu lina nafasi kubwa kati kati na damu inapita polepole. Nyama nzima inatoka nyeusi, kovu jeupe. Sisi wa Goma na Bukavu tumezoea lava nyeusi ndiyo imekufa na udongo wa rangi ndio unaota mihogo, kule ni kinyume: cheupe kimekufa.

Kamotera
Hii ya robineti hata mi nimeelewa, na nimeacha shule mapema.

YayaWaLushi
Mi njo yaya mwenyewe anasemwa hapo juu, mudogo wangu amenileta kwa mutandao bila ruhusa. Aksanti fundi, umeeleza muzuri. Lakini narudilia: ile mashini haitengenezaka kintu. Itapiga picha, itasema "kuko shida", kisha mutaenda tu koronarografi. Mutalipa mara mbili. Bora uende pale penye fundi anaangalia na anatengeneza siku moja.

FundiPicha
Kaka mkubwa, hoja yako si ya kijinga na madaktari wenyewe wamebishana nayo miaka. Basi wakaijaribu. Kuna utafiti unaitwa MR-INFORM, ulitoka 2019, wagonjwa 918 wenye kifua cha aina ya papa. Nusu wakaongozwa na IRM ya stress, nusu wakapelekwa koronarografi na waya wa kupima msukumo. Baada ya mwaka 1 mabaya (kufa, infarktus yaani nyama ya moyo kufa kwa kukosa damu, kurudi kufunguliwa mshipa) yalikuwa karibu sawa, 3.6 kwa mia upande wa IRM na 3.7 upande wa pili. Ila waliofunguliwa mishipa upande wa IRM walikuwa 35.7 kwa mia, upande wa waya 45. Yaani watu wengi waliepuka kuguswa moyo na hawakupoteza kitu.

Na hiyo "kama imeziba waweke stenti mambo kwisha", hapo ndipo nitakukatalia kabisa. 2020 ulitoka mwingine mkubwa, ISCHEMIA, watu 5,179 waliokuwa na ushahidi wa moyo kukosa damu. Wengine walipewa dawa kali kwanza, wengine dawa pamoja na kufunguliwa. Kwa kufa na kwa infarktus hawakuona tofauti ya maana. Tofauti waliyoiona ni maumivu: wenye kifua kinachouma kila wiki walipata nafuu zaidi wakifunguliwa. Sasa wale wenye mshipa mkuu wa kushoto umebanwa, ao moyo umechoka sana, hawakuingizwa mule, kwa hiyo usiwasemee. Kwa papa wa tansio anayeumwa akibeba bidoni, stenti si kama kuziba tundu la tairi.

YayaWaLushi
Tairi nimeielewa. Na skana?

FundiPicha
Skana ya koronari ni nzuri sana kwa mtu usiyemdhania sana: ikitoka safi, unamwambia nenda nyumbani lala. Papa yenu ana miaka 63, tansio, sukari, alivuta sigara. Skana itakuta chokaa kwenye mishipa, karibu nakuahidi, na chokaa nyingi inaharibu picha, halafu tutabaki tunaulizana kama ile chokaa ndiyo inayomkaza kifua ao ni mvi tu za mishipa. Mshipa kubanwa ni jambo moja, nyama kukosa damu ni lingine. Hata wamama wengi kifua kinauma kweli, mabomba makubwa wazi, shida iko kwenye vimishipa vidogo ambavyo skana haivioni, IRM ya stress inaweza kuvikamata.

Kipimo cha nyuklia je (kile cha kutiliwa dawa yenye mionzi kidogo, kamera ikaiangalia moyoni), mtu ataniuliza. Leeds kule Uingereza waliwalinganisha watu 752 (CE-MARC, 2012), IRM ikawakamata wagonjwa 86.5 kwa mia, nyuklia 66.5.

Kahawa_ya_Minova
Nasoma kimya tangu mwanzo, nachangia kimoja tu. Mimi nilifanya, mwaka jana, nje. Nililala njiani, asubuhi nikanywa kahawa yangu kama mtu mzima, tena nilibeba ya kwetu. Nimefika, dada ananiuliza "umekunywa nini?" nikasema kahawa kikombe kimoja. Akafunga kitabu. Kurudi kesho yake. Kumbe kafeini inaizuia ile adenozini isifungue robineti, utapimwa utaonekana mzima wakati hauko mzima. Masaa 24 hakuna kahawa, hakuna chai, hata chai ya rangi, hakuna koka, hakuna shokola, hakuna vile vinywaji vya nguvu, na baadhi ya vidonge vya kichwa vina kafeini ndani. Ile siku ya ziada ya hoteli nililipa mwenyewe.

Na mule ndani: dawa ikiingia utasikia uso moto, kifua kinabana, pumzi fupi, utadhani njo mwisho. Mimi niliita mama yangu ambaye alishakufa. Wakifunga tu ile dawa, dakika haijaisha yote imetoka. Mwambieni mzee mapema asishituke.

FundiPicha
Umenisaidia. Adenozini mwilini haidumu, nusu yake inaisha chini ya sekunde 10, ndiyo maana tunaipenda. Ila mwenye pumu (asma) aseme kabla, kuna dawa nyingine.

Mama_Katindo
Na mule kwenye tundu ni padogo kweli? Mimi siwezi, nitapiga kelele.

Kahawa_ya_Minova
Padogo mama. Na kelele kama moulin ya kusaga unga, wanakuwekea vitu masikioni. Kila mara wanakwambia toa pumzi, shika, sekunde 10 mpaka 15, achia. Zaidi ya mara 30 nadhani, niliacha kuhesabu. Kuna kengele unashikilia mkononi, ukishindwa unabonyeza wanakutoa. Nilifunga macho tangu nje ya mlango kabla hawajaniingiza, ndiyo siri.

Askari_wa_zamani
Fundi, swali. Mimi nina kipande cha bomu kwenye paja tangu zamani, hakijatolewa. Siku moja nikiandikiwa hiyo nitaingia?

FundiPicha
Swali la maana sana kwa sisi wa huku, na fomu nyingi za nje hawaliulizi vizuri kwa sababu kwao vita hawavijui. Sumaku ya IRM, ile ya tesla 1.5, ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi, iko inavuta usiku na mchana hata hakuna mgonjwa. Vipande vya bomu mara nyingi ni chuma. Kikiwa kwenye paja ndani ya nyama na kimeshashikwa na kovu, wanaweza kukubali baada ya kupiga radio na kuangalia kiko karibu na nini. Kikiwa jichoni, kichwani ao karibu na mshipa mkubwa wa damu, wanakataa, na wana haki. Sema kabla, usione haya, hakuna anayeuliza ulikuwa upande gani.

Stenti za moyo zenyewe hazina shida, watu wanaogopa bure. Mashini ya kusukuma moyo (ile ya betri chini ya ngozi) inategemea aina, njoo na kadi yake. Na figo: wapime kreatinini (damu inayoonyesha figo inafanya kazi vipi) kabla ya gadolini. Figo ikiwa chini ya 30 kwenye hesabu yao, aina za zamani za gadolini zilikuwa zinakakamaza ngozi na viungo vya watu, ni ugonjwa mbaya. Za sasa ni salama zaidi sana lakini papa ana sukari, msiruke hiyo damu.

Bukavu_Nguba
Niongeze uchungu wangu. Dada yangu mkubwa aliandikiwa hiyo hiyo. Tukavuka mpaka wa Ruzizi, tukalala njiani, tukafika hopitali moja (jina naliacha), IRM wanayo kweli, mpya inangaa. Tukalipa fungua faili, tukangoja mpaka saa 9, ndipo kijana mmoja anatuambia "hapa tunafanya kichwa, mgongo na goti". Moyo hawafanyi. Kwenye simu walikuwa wametujibu "ndiyo IRM tunayo karibuni". Pesa ya faili haikurudi.

FundiPicha
Pole. Hii inatokea sana. Moyo unacheza, kwa hiyo mashini lazima ifuate elektro ya mgonjwa na kupiga kwenye sehemu ile ile ya mpigo, iwe na antena ya kifua, programu ya moyo, pampu ya kusukuma gadolini, vifaa vya kuangalia tansio mule ndani visivyovutwa na sumaku, na zaidi ya yote dokta anayejua kusoma. Kwa simu usiulize "mna IRM?". Uliza hivi: mnafanya IRM ya moyo? ya stress? na dawa gani? nani anasoma, majibu siku ngapi? Akisita kwenye la pili, shukuru ukate simu.

Kamotera, ya umeme sikukujibu. Sumaku inakaa ndani ya heliamu, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi ya digri 269 chini ya sufuri, na kuna mashini nyingine ya kuipoza inayotaka umeme muda wote. Umeme ukikata leo, kesho, keshokutwa, heliamu inachemka na kuondoka taratibu, na kuijaza ni pesa ya nyumba. Sasa wewe unaijua kartie yako.

Kamotera
Naijua.

MtotoWaVirunga
Aksanti bote. Nimemusomea papa uzi mzima isipokuwa pale Kahawa aliita mama yake. Yaya amekubali (kwa kinywa kikali). Nimepiga simu pahali 3, wa kwanza alisita kwenye la pili kama fundi alivyosema, wa tatu alijibu yote mpaka na kahawa. Tunavuka Grande Barrière (mpaka wa Rwanda) jumatatu asubuhi, kisha basi, juu uwanja wa ndege wa hapa ulifungwa Januari 2025. Nitarudi.

MtotoWaVirunga (wiki 3 baadaye)
Tumerudi, na majibu yametoka. Papa alivumilia, ila anasema ile dawa ya dakika 4 ni ndefu kuliko kazi yote ya ualimu. Nachapa maneno ya karatasi kadiri nilivyoelezewa: moyo unasukuma wastani, umepungua kidogo. Ukuta wa chini kuna kovu, linaanzia ndani na halijafika nusu ya unene. Kwenye stress, ule ukuta wa chini ulikuwa mweusi kupita mipaka ya kovu. Kuta za mbele na za pembeni zinapata damu. Fundi, nisaidie, ni mbaya ao nzuri?

FundiPicha
Imechanganyika, lakini ningeichukua. Kovu la infarktus siku zote linaanza ndani, kwa sababu mishipa iko juu ya moyo, inashuka kwenda ndani, na wa mwisho kwenye foleni ndio wa kwanza kufa na kiu. Likienda mpaka nje lote, ule ukuta umekwisha. Raymond Kim na wenzake Chicago walionyesha tangu 2000: kovu likipita nusu ya unene, hata ukifungua mshipa ile nyama mara nyingi hairudi kucheza. La papa halijafika nusu. Maana yake juu ya lava kuna udongo mwingi bado unaota. Na ile nyeusi iliyozidi kovu ni nyama hai yenye kiu, mshipa wake pengine ni koronari ya kulia, na ndiyo inayomkaza akibeba maji.

Dokta kasema nini?

MtotoWaVirunga
Asprini, statini (ya kolesteroli), bisoprololo (ya kupunguza mapigo ya moyo), dawa ya tansio amebadilisha, sukari ifuatwe kwa karibu, miezi 3 aonane naye. Kifua kikiendelea kukaza na dawa zote hizo, hapo ndipo koronarografi.

YayaWaLushi
Niliisema tangu mwanzo. Koronarografi.

MtotoWaVirunga
Yaya, KAMA kikiendelea.

Lakini kuna jambo lingine. Papa hajawahi kulazwa kwa moyo hata siku moja. Nikamuuliza dokta hiyo kovu ilitoka wapi, akasema infarktus zinapita watu wanadhani ni tumbo. Papa akanyamaza. Kwenye basi ndipo akasema: Mei 2021, wakati volkano ya Nyiragongo ililipuka, ile siku walituambia tuhame mji, yeye alitembea kwa miguu mpaka Sake na godoro kichwani na mtoto wa dada yangu mgongoni. Usiku kule kifua kilimuuma mpaka asubuhi, alitapika, wakampa dawa ya gastriti. Akasema hakutaka kutusumbua, watu wote walikuwa chini wamelala nje.

Mama_Katindo
Yesu. Sisi pia tulikuwa Sake ile usiku.

FundiPicha
Inawezekana kabisa. Kule Iceland waliwapiga IRM ya moyo wazee 936, wenye kovu la infarktus ambayo hakuna aliyeijua walikuwa 17 kwa mia, wengi kuliko wenye infarktus iliyojulikana. Na mwenye sukari mara nyingi hasikii vizuri.

Ila nikuambie ukweli wa fani: kovu halina tarehe. Picha inaweza kusema hili ni bichi, bado lina maji ya uvimbe, ao hili ni la zamani. Likishakuwa la zamani, la 2021 na la 2015 yanafanana.

MtotoWaVirunga
Nimemusomea. Amekataa. Anasema fundi wa Bukavu hakuwa Sake. Tumefungua ile CD kwa laptopu ya jirani, moyo unacheza kwenye skrini, watoto wote wamesimama nyuma yake, na yeye anawaonyesha kwa kalamu kama ubaoni: hapa peupe, hapa ni godoro.